Mtoto wa kawaida ana nguvu, mpe nafasi ya kutenda wema

Mzazi anapompeleka mtoto zahanati, yapo mambo ambayo muuguzi huyapima bila kukosa. Humweka kwenye mizani, humzungushia utepe mkononi kuona kama anapata lishe ya kutosha, huikagua kadi ya chanjo na kuuliza kama anaharisha au anakohoa. Hayo yote ni mema na hayana budi kufanywa.

Hata hivyo, kuna nguvu nyingine ya mtoto ambayo haina mizani wala utepe. Ni ile inayomwezesha kustahimili msiba nyumbani, kejeli shuleni na shida za kila siku bila kuvunjika moyo. Je, msomaji, umewahi kujiuliza mtoto huipata wapi nguvu hiyo?

Wapo wanaoamini kwamba mtoto huzaliwa nayo. Wapo wanaodai kwamba huletwa na kiboko. Na wapo, hasa siku hizi, wanaofikiri kwamba huletwa na alama za juu darasani. Maoni yangu ni tofauti. Nguvu hiyo, kwa sehemu kubwa, huota pale mtoto anapogundua kwamba mikono yake midogo inaweza kumfaa mtu mwingine. Na ikiwa kuna mahali ambapo maoni haya yanaweza kupimwa kwa haki, basi ni Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay.

Yaliyoipata Ndhiwa

Ndhiwa ni nchi ya miwa, mahindi na mifugo, kati ya mji wa Homa Bay na mpaka wa Kaunti ya Migori. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa katika habari za afya kwa sababu ya kuhuzunisha. Utafiti uliofanywa mwaka wa 2012 na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa huko, 24 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila wanne.

Nyuma ya takwimu hiyo kulikuwa na watoto. Hospitali ya Homa Bay ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi bila malipo mwaka wa 2001, ikisaidiwa na shirika hilo hilo. Lakini ilichukua miaka kabla ya dawa hizo kuvifikia vituo vidogo vya vijijini. Katika muda huo kazi ya kuwauguza wagonjwa iliwaangukia nyanya na wajukuu. Mtoto wa miaka kumi alichota maji, akakoroga uji, akamfukuzia mama yake nzi, kisha akaoga na kwenda shule kama wenzake. Hakuna aliyemwita shujaa. Alikuwa mtoto wa kawaida.

Namshukuru Mungu kwamba mambo yamebadilika. Utafiti wa pili, wa mwaka wa 2018, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya watu wenye virusi huko Ndhiwa walikuwa wanatumia dawa na virusi vimedhibitiwa mwilini mwao, wengi zaidi kuliko mwaka wa 2012. Mzazi anayemeza dawa zake ipasavyo leo hulima, huchuuza sokoni na kuwaona wanawe wakikua.

Lakini wangalipo watoto wanaolelewa na nyanya zao, na wangalipo watoto wanaomeza vidonge kila siku. Wanakaa dawati moja na mwanao. Kwa hivyo swali la nguvu ya mtoto si swali la jana.

Somo kutoka jirani

Huenda ukasema kwamba haya ni maneno matamu ya gazetini. Basi sikiliza yaliyogunduliwa hapo hapo Oyugis, mji ulio katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa elimu ya jamii na tamaduni kutoka Marekani, Carol Ember, alifanya utafiti miongoni mwa Waluo karibu na Oyugis. Aliona jambo lisilo la kawaida. Katika baadhi ya maboma hapakuwa na wasichana wa kutosha kusaidia kazi, kwa hivyo akina mama waliwapa wavulana kazi ambazo kwa desturi ni za wasichana, kama vile kupika na kulea watoto wachanga. Mtaalamu huyo aliwatazama wavulana hao hata wakati ambapo hawakuwa kazini. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 1973, yalionyesha kwamba wavulana waliozoea kazi za ndani ya nyumba walikuwa wapole kuliko wavulana wengine, hawakupenda sana ugomvi, na hawakujifikiria wao wenyewe tu.

Sasa vuka mlima uende Gusii. Huko, katika kijiji kilichopewa jina la Nyansongo, wataalamu wengine walikuwa wamewachunguza watoto katika miaka ya 1950. Walilinganishwa na watoto wa Japani, India, Ufilipino, Meksiko na Marekani, na matokeo yakachapishwa na Beatrice na John Whiting mwaka wa 1975. Watoto wa Nyansongo, ambao walipewa kazi nyingi za nyumbani na kulea wadogo zao tangu wakiwa wachanga wa akili, walikuwa miongoni mwa walioongoza kwa kuwajali na kuwasaidia wengine. Wale wa mji wa Marekani, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kusoma na kutandika vitanda vyao wenyewe, walitafuta zaidi kusaidiwa na kutazamwa.

Kwa maneno mengine, elimu ambayo wazungu waliiandika vitabuni, nyanya wa Ndhiwa walikuwa nayo tangu jadi. Mtoto wa Kiluo aliyelala katika siwindhe, yaani nyumba ya nyanya, alisikia hadithi za usiku na asubuhi akampigia nyanya maji. Masomo hayo mawili yalikwenda pamoja.

Wema humjengaje mtoto?

Wataalamu wamethibitisha kwamba moyo wa kusaidia huanza mapema mno. Mwaka wa 2006, Felix Warneken na Michael Tomasello huko Ujerumani walionyesha kwamba mtoto wa miezi 18 tu, akimwona mtu mzima ameangusha kitu na hawezi kukifikia, atakwenda kumwokotea bila kuombwa wala kusifiwa. Mzazi mwenye mtoto wa umri huo anafahamu jinsi anavyong'ang'ania ufagio ambao hata hauwezi. Wengi wetu humfukuza tukisema anatuchelewesha. Tukimfukuza mara mia, akifika miaka minane tutamwita mvivu.

Nchini Kanada, katika jiji la Vancouver, watoto wa kati ya miaka 9 na 11 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja liliombwa kutenda wema mara tatu kwa juma. Kundi lingine liliombwa kutembelea mahali patatu kwa juma. Baada ya majuma manne, watoto wote walikuwa na furaha zaidi. Lakini wale waliotenda wema walikuwa wamepata jambo la ziada: wenzao wengi zaidi darasani walisema wangependa kushirikiana nao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2012. Mtoto anayekubaliwa na wenzake si rahisi kudhulumiwa, na si rahisi naye kuwa mdhalimu.

Utafiti ninaouthamini zaidi ya yote ulifanywa katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka wa 1955 hadi wakawa watu wazima. Baadhi ya watoto hao walizaliwa katika ufukara, ugonjwa na ugomvi wa wazazi. Hata hivyo, karibu thuluthi moja ya wale waliozaliwa katika taabu kubwa walikua wakawa watu imara, wenye kazi na wenye huruma. Werner alipotafuta sababu, hakuona kipaji cha ajabu. Aliona kwamba aghalabu mtoto kama huyo alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyempenda kwa dhati, na pia alikuwa na jambo la kuwafanyia wengine: kumlea mdogo wake, kumpikia mgonjwa, kusaidia nyumbani.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Shida humfundisha mtoto kwamba yeye ni mdogo na hana uwezo. Akimpelekea jirani mgonjwa kibuyu cha maji na kumwona akinywa, anajifunza kinyume chake. Ameona kwa macho yake kwamba amebadilisha kitu. Hilo halifutiki kwa urahisi.

Mtoto asiyeimbwa

Tatizo letu sisi wazazi wa Kenya ni kwamba tumezoea kumtazama mtoto wa kwanza na mtoto wa mwisho. Wa kwanza tunampongeza, wa mwisho tunamfokea. Yule aliye katikati, ambaye si hodari wala si mtundu, hupita miaka mingi bila mtu kumwambia neno.

Mchukue, kwa mfano tu, msichana wa gredi ya tano huko Kabuoch au Kanyadoto. Hesabu zinamshinda kidogo, mbio hashindi, kwaya hakuchaguliwa. Lakini jirani yake darasani akikosa shule siku mbili, yeye ndiye hupita kwao jioni kumpelekea kazi ya ziada. Mwalimu akitambua hilo na kulisema mbele ya darasa, amempa mtoto yule jina ambalo hakuwa nalo. Tangu siku hiyo anajijua yeye ni nani.

Mtaala mpya wa umilisi unataja upendo na uwajibikaji miongoni mwa maadili ya kufunzwa. Ni jambo jema. Lakini maadili hayafunzwi kwa kuandikwa ubaoni. Mtoto hana budi kuwa na mtu halisi wa kumtendea.

Rafiki wa yule anayemeza vidonge

Hapa ndipo wema wa mtoto unapogusa afya moja kwa moja. Siku hizi watoto wenye virusi vya Ukimwi wana dawa nzuri kuliko zamani. Tangu mwaka wa 2021 kumekuwa na kidonge cha watoto chenye ladha ya stroberi, kinachoyeyushwa majini, badala ya dawa chungu ambazo watoto walizitema. Lakini dawa nzuri haifai kitu ikiwa mtoto anaificha au anaacha kuimeza kwa sababu ya kuchekwa.

Mfundishe mwanao ukweli huu mapema: virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa kukaa dawati moja, kushikana mikono, kucheza kati, kukumbatiana wala kutumia kikombe kimoja. Kisha mfundishe adabu inayoambatana na ukweli huo. Asimuulize mwenzake kwa nini anakwenda kliniki kila mara. Akiambiwa siri asiitangaze. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, lakini mtoto hahitaji sheria ili aelewe kwamba siri ya rafiki ni amana.

Kwa mtoto mgonjwa, mwenzake mmoja anayemwita aje kucheza ana thamani kubwa. Na huyo anayemwita naye anapata faida. Siku wengine wanapocheka na yeye akakataa kucheka, amefanya jambo ambalo watu wazima wengi hulishindwa.

Kwa wazazi wa watoto wenye virusi nina neno moja. Shirika la Afya Duniani linashauri tangu mwaka wa 2011 kwamba mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake hatua kwa hatua, kadiri anavyoweza kuelewa. Muuguzi wa kliniki atakusaidia. Mtoto anayejua sababu ya kumeza dawa huweza kujitunza, na huweza hata kumtia moyo mwenziwe.

Kazi ndogo zenye faida kubwa

Mwaka wa 1978, David Morley na wenzake wa jijini London walianzisha mpango ulioitwa Mtoto kwa Mtoto, ambao ulienea katika nchi nyingi zikiwemo zetu. Wazo lao lilikuwa rahisi: watoto wakubwa ndio wanaoshinda na wadogo zao, basi wafunzwe kulinda afya yao. Nionavyo mimi, wazo hilo halijazeeka.

Mtoto wa miaka kumi anaweza kumnawisha mdogo wake mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Anaweza kuhakikisha kwamba mdogo wake amelala ndani ya chandarua. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika Kaunti ya Homa Bay mwezi wa Septemba 2019, na dozi yake ya nne ndiyo ambayo wazazi huisahau, kwa kuwa hutolewa muda mrefu baada ya zile za kwanza. Mtoto anayejua kusoma kadi anaweza kumkumbusha mama.

Anaweza pia kujifunza kutengeneza maji ya kumnywesha anayeharisha pale ambapo pakiti ya ORS haijapatikana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtu mzima asimame kando yake akipima, kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru. Na anayeharisha apelekwe zahanati bila kukawia.

Haya yote ni mambo madogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Wema usigeuke mzigo

Msomaji, hapa naomba unisome kwa makini, kwa maana wapo watakaoyatumia maneno haya vibaya. Kumpa mtoto nafasi ya kutenda wema si kumgeuza mtumishi au muuguzi wa nyumba. Watoto wa Ndhiwa waliouguza wazazi wao walionyesha nguvu ya ajabu, lakini haikuwa haki waachiwe kazi ile. Wengi waliilipia kwa masomo yao.

Zitambue dalili za mzigo. Mtoto anakosa shule au anasinzia darasani. Hana wakati wa kucheza. Analalamika kuumwa na kichwa au tumbo mara kwa mara na zahanati haioni ugonjwa. Anakasirika upesi au anakaa kimya mno. Ukiona hayo, mpunguzie kazi na utafute msaada. Muone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, au mwalimu, au piga simu ya watoto nambari 116, ambayo haina malipo.

Pili, wema usiwe wa wasichana peke yao. Ni kawaida kumwona msichana akiosha vyombo huku ndugu yake akicheza mpira. Utafiti wa Oyugis unatuambia wazi kwamba mvulana anayenyimwa kazi ya kulea ananyimwa faida. Mpe mwanao wa kiume mtoto ambebe.

Tatu, wema una mipaka ya usalama. Mtoto asitumwe peke yake kwa mtu ambaye humjui vyema, asiingie ndani ya nyumba ya mgeni, na afahamu kwamba mtu mzima anayemwomba "msaada" wa siri hastahili kusaidiwa. Mwambie kwamba kukataa na kukimbilia nyumbani si utovu wa adabu.

Anza juma hili

Mzazi, usingoje mwanao awe mkubwa. Mchagulie kazi moja ya kumfaa mtu mmoja, inayolingana na umri wake, yenye mwanzo na mwisho. Kumchotea nyanya mtungi mmoja wa maji Jumamosi asubuhi. Kumsomea babu asiyeona vizuri barua au gazeti. Kumsubiri njiani mtoto wa jirani anayetembea kwa shida ili wasichelewe shule.

Usimlipe. Wataalamu wale wale wa Ujerumani waligundua mwaka wa 2008 kwamba watoto wadogo waliopewa zawadi kila waliposaidia walipungukiwa na hamu ya kusaidia zawadi ilipokoma. Badala yake mtajie alichofanya: "Nyanya amepika mapema leo kwa sababu ulimletea maji." Neno hilo linamtosha.

Na zaidi ya yote, akuone wewe ukitenda. Mtoto ambaye kila siku anamsikia mzazi wake akimsengenya jirani mgonjwa hawezi kufunzwa huruma kwa maneno. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunjaji naye awe amekunjika.

Hatuwezi kuwaahidi watoto wetu kwamba hawatafikwa na msiba. Ndhiwa inalijua hilo kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Tunaloweza ni kuwaandaa, na maandalizi yenyewe hayahitaji fedha wala safari ya mjini. Jioni hii kuna mtu karibu na nyumba yako anayehitaji mtungi wa maji. Mtume mwanao, kisha akirudi muulize alimkutaje.